Baba Mwanafunzi: Raja wa Aundh, Apa Pant na Safari ya Elimu ya Roho hadi Nairobi

Katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, karibu na jengo lenye jina lake, imesimama sanamu ya Mohandas Gandhi. Aliyeizindua, Julai 1956, ni Sarvepalli Radhakrishnan, wakati huo makamu wa rais wa India, mwanafalsafa ambaye miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametoa tafsiri na ufafanuzi wake mashuhuri wa Upanishadi kuu. Kwa msomaji wa fasihi, tukio hilo lina uzito kuliko linavyoonekana katika orodha ya sherehe za enzi ya ukoloni. Mfasiri wa matini ambazo uhai wake ni mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, na mara nyingi ya baba na mwana, alisimama katika chuo ambacho hakikuwa kimemaliza hata mwaka wake wa kwanza wa masomo, akamzindulia Afrika Mashariki mtu ambaye taifa lake lilimwita Baba.

Nyuma ya sanamu hiyo pana masimulizi mengine ya baba na mwana, nayo hayatajwi sana. Apa Pant, kamishna wa kwanza wa India huru katika Afrika Mashariki, aliishi na kufanya kazi Nairobi kuanzia mwaka 1948 hadi 1954. Babake, Bhawanrao Pant Pratinidhi, alikuwa Raja wa Aundh, dola ndogo ya Wamarathi magharibi mwa India. Historia ya siasa ya Kenya humkumbuka mwana kama mwanadiplomasia aliyewakera Waingereza kwa urafiki wake na viongozi Waafrika. Historia ya yoga humkumbuka baba kama mtu aliyeeneza Surya Namaskar, yaani maamkizi ya jua. Mikondo hiyo miwili ya utafiti haijakutanishwa ipasavyo, na matokeo yake ni kuwa kila mmoja unamsoma mtu nusu.

Makala haya yanadai kwamba kazi ya Apa Pant mjini Nairobi haieleweki vyema bila kuzingatia namna yeye na babake walivyotafuta elimu ya roho, na kwamba namna hiyo ina asili katika matini za kale za Kihindu, ambamo baba si ghala la maarifa linalomiminwa kwa mtoto bali ni mtafutaji mwenzake. Dai hili ni la kifasihi kabla ya kuwa la kihistoria, kwa kuwa ushahidi mkubwa ni vitabu ambavyo mwana aliviandika: kile cha mwaka 1970 kuhusu maamkizi ya jua, tawasifu yake A Moment in Time ya mwaka 1974, Undiplomatic Incidents ya mwaka 1987, na hatimaye An Unusual Raja ya mwaka 1989, ambacho ni wasifu wa baba ulioandikwa na mwana. Isitoshe, idara za fasihi za Nairobi zina deni la zamani katika jambo hili. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe mwezi wa Oktoba 1968, waliitaja fasihi ya Asia pamoja na ya Kiswahili na ya Kiarabu miongoni mwa mikondo iliyoigusa sehemu hii ya dunia. Kiswahili na Kiarabu vilipata wahakiki. Asia ilibaki ikingoja.

Baba asiyejua

Methali ya Kiswahili isemayo kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo inamtwika mzazi kazi yote. Mtoto ni udongo, mzazi ni mfinyanzi. Tanzu za wasia katika ushairi wa Kiswahili zimejengwa juu ya msingi huo. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama anayeugua anamwachia bintiye urithi wa adabu na dini. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe. Tungo hizo ni kuu, na hakuna haja ya kuzipunguzia hadhi ili kuzilinganisha na nyingine. Hata hivyo, msomaji hawezi kukosa kuona kwamba anayesemeshwa hajibu. Hatujui binti alisema nini, wala kama aliuliza swali. Mzazi anajua, mtoto anapokea.

Upanishadi zina mandhari ya namna hiyo pia, lakini huyavuruga. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Uddalaka Aruni na mwanawe Shvetaketu katika sura ya sita ya Chandogya. Kijana anapelekwa masomoni akiwa na umri wa miaka kumi na miwili na anarudi akiwa na ishirini na minne, amehitimu Veda zote na kichwa kimemjaa. Baba anamuuliza kama aliwahi kuuliza juu ya lile fundisho ambalo kwalo kisichosikiwa husikika na kisichojulikana hujulikana. Kijana hana jibu. Walimu wake hawakumfundisha. Ndipo baba anapoanza, na namna anavyofundisha ndiyo inayostahili kuangaliwa. Hamhubirii. Anamwambia alete tunda la mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, alipasue, apasue na mbegu yake, kisha aseme anachokiona ndani. Kijana haoni kitu. Anamwambia atie chumvi katika maji usiku, na asubuhi aitafute. Haipo tena kwa macho, lakini ipo juu, katikati na chini, kwa ulimi. Mara tisa baba anarudia kibwagizo kimoja kinachomrudisha kijana kwake mwenyewe: kiini hicho kisichoonekana ndicho yeye.

Hapo bado baba ndiye mwenye elimu. Lakini sura ya tano ya Chandogya hiyo hiyo inamwonyesha Uddalaka katika sura nyingine kabisa, na aliyepanga matini hizo hakuona haya kuziweka mbili karibu karibu. Shvetaketu anafika katika baraza la mfalme Pravahana Jaivali. Mfalme anamuuliza maswali matano kuhusu wafu, njia zao na kurejea kwao. Kijana anashindwa yote matano, anarudi nyumbani kwa hasira, anamlaumu babake kwa kumwambia kuwa amemfunza kila kitu. Baba anajibu kwamba lau angeyajua angemwambia. Yeye pia hayajui. Kisha mzee huyo, Mbrahmani na mwalimu wa watu, anakwenda mwenyewe kwa mfalme kuomba kufundishwa. Simulizi hilo linarudi katika Brihadaranyaka, na huko baba anamwalika mwana waende pamoja, mwana akakataa na kumwachia aende peke yake. Mwandishi wa kale hakutupa sababu ya kukataa huko. Yamkini ni ile ile iliyomfanya aumie mbele ya mfalme.

Taittiriya inaongeza mfano wa tatu. Bhrigu anamwendea babake Varuna, aombe kujua Brahman ni nini. Varuna anampa dokezo, kisha anamwambia aende akatafute kwa kujinyima na kutafakari. Bhrigu anarudi na jibu kwamba ni chakula. Anarudishwa. Anakuja na pumzi, kisha akili, kisha ujuzi, na kila mara anarudishwa, hadi anapofikia furaha. Katika masimulizi yote haya elimu haihamishwi kama shamba linavyorithishwa. Ama mwana anarudishwa akatafute, ama baba mwenyewe anatoka kwenda kuuliza. Katha, ambamo Nachiketa anamsumbua babake kwa maswali hadi anakabidhiwa kwa Mauti kwa hasira, ni sauti kali zaidi ya jambo lile lile.

Aundh, na kurudi kwa mwana

Bhawanrao alizaliwa mwaka 1868 na alitawala Aundh kuanzia mwaka 1909. Alikuwa Mbrahmani na mfalme kwa wakati mmoja, na hivyo katika nafsi yake walikutana wale wawili ambao Chandogya iliwatenganisha. Alikuwa mchoraji, na picha zake za Ramayana zilitoka katika kitabu mwaka 1916. Alikuwa pia mwimbaji wa kirtan, usimulizi wa visa vya miungu unaochanganya wimbo, mazungumzo na mawaidha mbele ya hadhira, sanaa ambayo mtu aliyezoea kusikia tenzi zikighaniwa Lamu au Mombasa hangeiona ngeni. Wanazuoni wa Pune walipoanza kazi ya kuandaa toleo la kihakiki la Mahabharata, kazi iliyokamilika mwaka 1966 baada ya kulinganisha miswada mingi mno, Raja huyu ndiye aliyewachochea na kuahidi fedha, akataka toleo hilo liwe na picha. Mwishoni mwa miaka ya 1910 alimkaribisha Aundh mtaalamu wa Veda, Shripad Damodar Satwalekar, ambaye maandishi yake juu ya Veda yalikuwa yamewatia Waingereza wasiwasi, na ambaye alikuwa amepitia mazingira ya Arya Samaj, jumuiya ile ile iliyokuwa na tawi lake Nairobi tangu mwaka 1903. Si haki kumwona Raja kama mtawala wa kijimbo aliyecheza na dini wakati wa mapumziko.

Ilhali njia aliyoifuata kufikia maamkizi ya jua haikuanzia katika vitabu vitakatifu. Kwa takriban mwongo mzima alifuata mfumo wa mazoezi wa Eugen Sandow, mnyanyua vyuma wa Ulaya ambaye picha zake zilizagaa katika himaya yote ya Waingereza. Baadaye, kwa ushauri wa mtawala mwenzake wa Miraj, aliviacha vyuma akashika mfululizo wa kuinama, kujinyoosha na kusujudu kuelekea jua la asubuhi, ukiandamana na majina ya jua na matamshi ya Kisanskriti. Aliufanya wa lazima katika shule za Aundh, akauandikia vitabu. Mwaka 1928 ulitoka kwa Kiingereza, na mwaka 1938 mwandishi wa habari Louise Morgan akautolea London toleo liitwalo The Ten-Point Way to Health. Raja alisisitiza kuwa wanawake na watoto waufanye sawa na wanaume, na mkewe, Rani, alikuwa mfano wa kwanza.

Apa, aliyezaliwa mwaka 1912, alilelewa ndani ya ratiba hiyo ya alfajiri. Alisoma Bombay, kisha Oxford, na akawa wakili katika Lincoln's Inn. Aliporudi nyumbani katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 alikuwa Shvetaketu kwa kila hali: kijana aliyesoma sana ughaibuni na kurejea kwa baba mwenye dini. Kilichotokea baada ya hapo ndicho kinachoyafanya masimulizi haya yastahili kuwekwa kando ya Upanishadi. Mhandisi mmoja kutoka Poland, Maurice Frydman, aliyekuwa mfuasi wa Gandhi na wa Ramana Maharshi, na ambaye miongo kadhaa baadaye angekusanya mazungumzo ya Nisargadatta katika kitabu I Am That, alitoa wazo kwamba Raja awarudishie wanavijiji mamlaka yake yote. Apa alilipokea. Baba, akiwa na miaka sabini, aliukubali ushauri wa mwanawe na wa mgeni huyo, akalitangaza jambo hilo mwishoni mwa mwaka 1938. Apa na Frydman walimwendea Gandhi huko Sevagram, naye akaitia mkono rasimu. Katiba ya Aundh ilianza Januari 1939. Vijiji sabini na kitu vikawa na halmashauri zao, na Raja akabaki mlezi tu. Kwa ushauri wa Gandhi, kujua kusoma na kuandika kukawekwa kuwa sharti la kupiga kura, sharti ambalo lingeonekana la kibaguzi mahali pengine lakini ambalo huko liliwafanya watu wazima wakimbilie darasani.

Mhakiki asiyependa hadithi tamu anaweza kuuliza kama mfalme aliyetoa mamlaka kwa hiari yake hakubaki mfalme hasa kwa sababu aliyatoa kwa hiari. Swali hilo ni la haki, na An Unusual Raja hakilijibu vya kutosha. Mapenzi ya mwana yanaonekana tangu katika jina la kitabu. Lakini mpangilio wa tukio ni wazi. Baba alikwenda shule kwa mwanawe. Pravahana wa safari hii alikuwa Gandhi, na Shvetaketu hakukataa kwenda.

Nairobi, 1948 hadi 1954

Machi 1948 dola ya Aundh ilimezwa na jimbo la Bombay, na majaribio yake yakafikia mwisho. Mwaka huo huo Nehru alimtuma Apa Pant Nairobi. Mji aliofikia ulikuwa umepangwa kwa rangi. Kutoka Barabara ya Delamere, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, hadi mtaa wa maduka ya Wahindi ambao sasa ni Biashara Street, watu wa kila asili walipishana mchana. Jioni kila mmoja alirudi upande wake. Miinuko ya magharibi, Kileleshwa, Lavington na njia ya kuelekea Kabete, ilikuwa ya Wazungu. Wahindi walikuwa Ngara na Parklands, mtaa ambao mwanzoni ulikuwa wa Wazungu. Waafrika walisukumwa mashariki, Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ulikuwa umeachana na utengano wa makazi mijini kwa maneno, lakini masharti yaliyoandikwa ndani ya hati za viwanja yaliuendeleza bila kelele, na Nyanda za Juu zilibaki za Wazungu kwa maneno na kwa vitendo.

Uhindu wa Nairobi wakati huo haukuwa mchanga. Wajenzi wa reli walikuwa wameanza kufika mwaka 1896. Arya Samaj ilikuwa na nusu karne ya mahekalu, mikutano na shule, za wasichana zikiwemo. Wafuasi wa Sanatan Dharma, Wajaini wa Oshwal na Waswaminarayan nao walikuwa na taasisi zao. Baba alimpeleka mwana hekaluni, na mwana akajifunza sala kwa lugha ambayo wengi wao hawakuizungumza nyumbani. Hiyo ni aina ya mapokezi yenye heshima yake. Ndiyo iliyoilinda dini ya watu wachache katika nchi ya ugenini. Lakini ilikuwa mapokezi ya kuhifadhi, na aliyoyaleta Apa Pant yalikuwa ya namna nyingine. Akifuata msimamo wa Nehru kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie, aliwaambia Wahindi wa Afrika Mashariki waache kutafuta nafasi ya pili chini ya Mzungu, wajiunge na walio chini yao. Wafanyabiashara wengi hawakufurahia kuambiwa hivyo na mwana wa Raja. Haishangazi: aliyekuwa na duka la kupoteza alisikiliza kwa masikio tofauti na aliyekuwa tayari amepoteza ufalme.

Kifo cha Gandhi mwaka huo wa 1948 kilikuwa kimewafanya Wahindi wa Afrika Mashariki waanze kuchangia fedha kwa ajili ya chuo cha ukumbusho, Gandhi Memorial Academy. Pant aliunga mkono juhudi hizo, na msimamo ulioshinda ulikuwa kwamba elimu hiyo iwe ya watu wa rangi zote. Mwaka 1954 chama kilichosimamia mchango huo kiliunganisha mradi wake na Royal Technical College, chuo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza Aprili 1956, kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Jengo la Gandhi, kwa maneno mengine, si zawadi ya ukoloni. Ni mabaki ya ndoto ya kujenga chuo kizima. Serikali ya India ilitoa pia nafasi za masomo kwa vijana Waafrika waliokwenda kusoma India katika miaka ambayo milango ya elimu ya juu nchini ilikuwa haijafunguliwa.

Urafiki uliowatia Waingereza wasiwasi zaidi ulikuwa ule wake na nyumba ya Koinange huko Kiambaa. Hapa mhakiki anakutana na sadfa ambayo asingeweza kuibuni. Mnamo mwaka 1927, chifu Koinange wa Mbiyu alimruhusu mwanawe Mbiyu aende kusoma Marekani. Kijana alipitia Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia, kisha Uingereza, akarudi mwaka 1938, mwaka ule ule Raja wa Aundh alipotangaza kuyaachia madaraka. Januari 1939, mwezi wa katiba ya Aundh, Mbiyu Koinange alianzisha chuo cha walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi, na baba akasimama nyuma yake. Koinange mzee hakuwa mtu wa kubuni mapya kwa ajili ya mapya. Ndiye aliyefukua mifupa ya babu yake mbele ya Tume ya Ardhi ya miaka ya 1930 ili kuthibitisha kuwa shamba lililochukuliwa lilikuwa la ukoo wake. Mtu aliyeegemeza haki yake juu ya wafu ndiye aliyeukubali mradi ambao mwanawe aliuleta kutoka ng'ambo. Apa Pant alipokutana na wazee na vijana wa nyumba hiyo alikuwa anakutana na picha ya nyumba yake mwenyewe, na ni vigumu kuamini kwamba urafiki ulioota haraka vile ulikuwa wa kisiasa tu.

Baba alifariki Aprili 1951, mwana akiwa bado na wadhifa wake Nairobi. Mwaka uliofuata chifu Waruhiu aliuawa, hali ya hatari ikatangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Jomo Kenyatta akakamatwa. Koinange wa Mbiyu alishtakiwa kwa mauaji ya Waruhiu, akaachiliwa na mahakama, akazuiliwa na serikali hata hivyo. Chuo cha Githunguri kilifungwa. Kesi ya Kapenguria ilipoanza, Nehru alimtuma Diwan Chaman Lall kusaidiana na D. N. Pritt na mawakili wa Nairobi kama Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Macho ya serikali ya kikoloni yalikuwa kwa kamishna wa India, na London ikaibana Delhi hadi alipoondolewa mwaka 1954. Aliyekuwa mchochezi kwa Waingereza alitunukiwa Padma Shri na nchi yake mwaka huo huo.

Swali la ukale

Mwaka 1970, akiwa balozi London, Apa Pant alichapisha kitabu kidogo kuhusu zoezi la babake. Katika jina lake alilieleza kuwa ni la kale. Dai hilo ndilo linaloleta utata mkubwa zaidi katika mjadala huu. Watafiti wa historia ya yoga, hasa Mark Singleton katika kitabu chake cha mwaka 2010, wameonyesha kwamba mfululizo wa mazoezi tunaouona leo ulipata umbo lake katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, kwamba haukuhesabiwa kuwa sehemu ya yoga hapo awali, na kwamba ulikua katika mazingira yaliyojaa mazoezi ya Kizungu ya kujenga mwili. Raja mwenyewe, kama ilivyokwisha kuelezwa, alitoka kwa Sandow. Kilicho cha kale bila shaka ni ibada ya jua na sala ya Gayatri, iliyomo katika kitabu cha tatu cha Rigveda, na desturi ya kusujudu.

Je, basi mwana alidanganya? Wahakiki wa Kiswahili wana uzoefu wa swali la namna hii. Utendi wa Liyongo tunaousoma uliandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, ilhali shujaa wake na nyimbo zinazonasibishwa naye vimewekwa na wataalamu katika karne zinazopishana sana. Hakuna anayeutupa utendi huo kwa sababu ya mwaka wake. Lakini pia hakuna mtafiti makini anayeruhusu heshima ya ukale imzuie kuuliza nani aliandika, lini, na kwa ajili ya nani. Kwa Apa Pant, ukale haukuwa tarehe. Alilipokea zoezi lile alfajiri kutoka kwa babake, na kila kinachopokewa alfajiri kutoka kwa baba huonekana kuwa kimekuwapo siku zote. Kosa ni kuichukulia hisia hiyo kama ushahidi; kosa la upande wa pili ni kuudharau ushuhuda wake kwa sababu tu si wa mwanahistoria. Hata Bhrigu aliporudi na jibu la chakula hakuwa amekosea, ila alikuwa hajamaliza.

Suala hili haliko mbali na Nairobi. Tangu mwaka 2015, siku ya kimataifa ya yoga huadhimishwa jijini kila Juni, na maamkizi ya jua hufanywa katika vyumba vya mazoezi vya Westlands na Lavington, kwenye miinuko ile ile iliyokuwa ya Wazungu peke yao. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007, imewafunza ualimu vijana kutoka mitaa ya mabanda. Katika mafunzo ya namna hiyo zoezi kwa kawaida huja kupitia Marekani, na Aundh haitajwi. Mtu anaweza kulalamika kuwa chimbuko limesahauliwa. Anaweza pia kukumbuka kwamba Raja mwenyewe alitaka lifanywe na wasichana wa shule na wakulima, bila kuulizwa nani ni nani.

Linalobaki kwa mhakiki ni kitabu cha mwaka 1989. Wasia wa Kiswahili hutuachia sauti ya mzazi bila ya jibu. An Unusual Raja ni jibu lisilo na wasia kando yake: mwana, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, miaka mitatu kabla ya kufa, anamsimulia baba aliyefariki karibu miongo minne nyuma, na anamsimulia kama mtu aliyejifunza. Kinapaswa kusomwa pamoja na kitabu cha mwana mwingine. Mwaka 1955, akiwa uhamishoni, Mbiyu Koinange alichapisha huko Detroit The People of Kenya Speak for Themselves, ambamo anaeleza jinsi Githunguri ilivyojengwa. Apa Pant aliandika akiwa mstaafu mwenye heshima zake, katika nchi iliyokuwa huru kwa zaidi ya miaka arobaini, na aliweza kuchagua kumbukumbu zake kwa utulivu. Mbiyu hakuwa na nafasi hiyo. Chuo anachokisimulia kilikuwa kimefungwa, na Koinange wa Mbiyu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mwanawe tangu mwanzo, alikuwa bado kizuizini kitabu kilipotoka. Alifariki mwaka 1960.